Mwalimu wa Dunguni

Nilimaliza eda ya mume wangu siku ya Alhamisi, tarehe tisa, jua lilipotua. Miezi minne na siku kumi niliihesabu mwenyewe, bila kumwuliza mtu, na Ijumaa asubuhi nikaanza kupanga vitu vyake. Mashemeji walituma ujumbe kwamba wangekuja kunisaidia. Niliwajibu kwamba mwanamke aliyempikia mtu kwa miaka ishirini na sita anajua koti lake liko wapi.

Katika sanduku la mwisho, chini ya kanzu mbili za sikukuu, nilikuta redio yake ndogo. Nilifungua kifuniko cha betri kwa mkono wa kulia, kwa kuwa vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havikunji, na harufu ikanipanda puani kabla sijaona chochote. Betri zilikuwa zimevuja. Ute wake ulikuwa umekauka ukawa unga, mweupe hapa, kijani pale. Wenzangu wa rika langu wanaijua harufu hiyo, kali kama kutu iliyochemshwa kwa chumvi. Ni sisi tuliouma betri kwa meno na kuzianika juani ili zipate nguvu ya siku moja zaidi.

Nilikaa kitako sakafuni. Haikuwa kwa ajili ya marehemu, Mungu amrehemu. Yeye nilikuwa nimeshamlilia kwa siku zake. Nilikaa kwa ajili ya redio nyingine, ile niliyoiua mimi.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu maduka ya Kibiti yajae tena sabuni, khanga na betri, na watu wakasema huu sasa ndio wakati wa ruksa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na miezi mitatu, na sikuwa nimekaa darasani hata siku moja. Kwetu Kiongoroni shule ilikuwapo, lakini Baba alikuwa na shamba la mpunga juu ya mto, mwendo wa nusu maji, maana yake unaondoka maji yakianza kujaa na unafika yakiwa yamefika nusu. Yeye kazi yake ilikuwa kukata mikoko. Mama alikuwa na wadogo zangu watatu, mmoja mgongoni. Aliyebaki wa kulinda mpunga nilikuwa mimi.

Mlinzi wa mpunga hukaa dunguni, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini. Ukiwa humo unaona shamba lote na unaamia ndege tangu alfajiri hadi jioni, kwa kelele na kwa kombeo. Nilikuwa mpigaji mzuri wa kombeo. Ndege nilikuwa ninawaweza. Tumbili sikuwaweza, kwa kuwa walikuja kwa makundi kutoka kwenye mikoko, na msichana mmoja aliyekonda hawakumhesabu kuwa mtu.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na fito. Alizikata za mkandaa, aina ya mkoko, akazichuna gome, akazichomeka katika makuti ya dungu, tatu daima, ili moja ikipasuka asilazimike kutafuta nyingine. Na kwa sababu maisha yake yote alikuwa amehesabu miti kwa korija, ishirini ishirini, hata adhabu aliihesabu hivyo. Kosa dogo lilikuwa robo korija, viboko vitano. Kundi la ndege likishuka nimelala, nusu korija. Alitamka kwanza kiasi, kisha akapiga, na hakuzidisha hata kimoja. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kusuka mkeka, lakini hadi mwaka ule nilidhani korija ni kipimo cha maumivu ambacho watu wa miti wamekiazima.

Redio aliinunua Kibiti baada ya kuuza boriti. Ilikuwa nyekundu, ya betri nne. Mama alidhani itakaa nyumbani, akaishonea kitambaa. Baba aliipeleka dunguni, pamoja na kitambaa chake. Alikuwa amewaza jambo moja lenye akili: tumbili huogopa sauti ya mwanamume, naye hawezi kuwa shambani na kwenye mikoko kwa wakati mmoja, basi sauti ikae shambani. Akaifunga kwa kamba kwenye boriti ya mbele, akaifungua kwa nguvu zote, akapanda mtumbwi akaenda zake.

Wiki ya kwanza tumbili walikimbia. Wiki ya pili walikaa juu ya mikoko wakasikiliza. Jumatatu ya wiki ya tatu dume mmoja mkubwa alishuka, akaketi juu ya tuta, akala mpunga wetu huku taarifa ya habari ikisomwa. Walikuwa wamekwisha kujua kwamba nyuma ya sauti ile hakuna jiwe. Nimewafundisha watoto wangu mengi, lakini sijaona wanafunzi walioelewa upesi kama wale.

Jumatano yake Baba alilala ndani ya mpunga tangu alfajiri, na dume yule alipokuja alimkata panga mgongoni. Hakufa. Alijiburuta akilia kama mtoto, na Baba akamfuata, akammalizia kwa kasia, mapigo manne. Akamfunga shingo kwenye boriti ileile, ubavuni mwa redio. Tangu siku hiyo mlango wa dungu letu ulikuwa na walinzi wawili, mmoja wa kutisha kwa sauti na mwingine kwa uvundo, na mimi nilikula wali wangu katikati yao.

Ni hapo, pua yangu ikiwa imefungwa kwa khanga, nilipomsikia kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Sauti ya mwanamke ilisema, “Habari za asubuhi, wanafunzi.” Kisha ikanyamaza. Redio haikuwa na desturi ya kunyamaza. Nilitazama huku na huku, nikaona hakuna mwingine wa kujibu, nikasema, “Nzuri, shikamoo.” Naye akasema, “Vizuri sana.”

Naomba mnielewe. Katika miaka kumi na miwili na miezi mitatu hakuna mtu aliyekuwa ameniambia vizuri. Mama alikuwa akisema “haya”, na “haya” ya Mama ilikuwa na upendo wake, lakini haikuwa vizuri, tena sana. Niliganda. Ndege walishuka nikawaacha. Aliuliza tatu na nne ni ngapi, akaningoja, nikajibu, akanisifu. Aliuliza kumi na kumi, nikajibu bila kusita, “Korija.” Akasema, “Vizuri sana. Ni ishirini.” Nikaona huyu mwanamke ana adabu, nimemjibu kwa lugha ya kwetu, naye ameifasiri kwa ajili ya wengine.

Alikuja kila Jumanne na Alhamisi. Herufi alizieleza kwa maneno, maana hakuwa na ubao wa kunionyesha. Chora mstari uliosimama kama nguzo, alisema. Sasa weka tumbo dogo chini, upande wa kulia. Nilishuka nikachora kwenye tope la tuta kwa ncha ya fito, nikafikiri sana kuhusu huo upande wa kulia. Kulia kwa nani? Mtu akisimama mbele yako, kulia kwake ni kushoto kwako. Nikaamua kwamba ni kulia kwa herufi yenyewe, iliyosimama kunitazama. Hivyo herufi zangu zote zilikuwa na matumbo upande usio wao, na nilizipenda hivyo, zikiwa zimenielekea. Jioni maji yalipanda yakazifuta.

Kwamba ananisikia sikuwa na shaka. Iwapo ananiona ndilo nililotaka kulijua, na Alhamisi moja nikapata hakika. Aliuliza tisa na nane. Nikasema kumi na sita, na papo hapo nikajua nimekosa, nikakunja miguu yangu chini ya khanga kama nilivyozoea. Akasema, “Vizuri sana. Ni kumi na saba.” Niliitazama miguu yangu. Ilikuwa na alama za jana, robo korija. Nikafahamu: ameiona. Ndiyo maana amesahihisha bila kupiga.

Sijui kama ninyi mmewahi kupendwa na mtu mmoja tu. Niliamka na Jumanne yake, nikalala na Alhamisi yake. Siku za katikati nilizima redio ili betri zisimwishie, nikaiwasha nilipouona mtumbwi wa Baba. Hesabu zilinikaa kichwani kama zimepigwa misumari. Nilihesabu nguzo, nilihesabu ndege, nilijumlisha ndege waliokuja na kutoa waliokufa kwa kombeo langu.

Jumanne ya wiki iliyofuata, kunguru walikuwa wamemwaga kikapu cha mbegu na nilikuwa nimepigwa korija nzima, ya kwanza maishani mwangu. Alipouliza swali na kunyamaza, sikumpa jibu. Nilisogea karibu na redio hadi nzi wa yule tumbili wakanitua usoni, nikamwambia, “Mwalimu, Baba kanipiga korija nzima. Siwezi kukaa.”

Alinyamaza kwa muda uleule aliozoea. Kisha akasema, “Vizuri sana. Sasa tuendelee.”

Nililiwaza neno hilo siku nzima. Mwishowe nilijiridhisha kwamba wakubwa husema hivyo. Mkunga humwambia hivyo mwanamke anayelia. Maana yake ni kwamba nimeona, umestahimili, twende mbele. Nikamsamehe kabla hajawa na kosa.

Sasa nifike kwenye Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tano. Mpunga ulikuwa umeinama, siku kumi tu kabla ya kuvuna, na maji yalikuwa ya bamvua, yaliyojaa mapema na kwa wingi. Mwalimu alikuwa ameingia kwenye kuzidisha. Alisema kuzidisha ni kujumlisha kwa haraka, na mimi nilikuwa nimesimama dunguni, mikono imeshikana, ninangoja kila nafasi yake ya kimya kama mtu anayengoja kudaka embe. Tumbili wakaingia katika jaruba la chini.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba sikuwaona. Niliwaona. Niliwahesabu; walikuwa kumi na wanne, na wawili walikuwa na watoto waliowang’ang’ania tumboni. Kombeo lilikuwa mkononi. Lakini kushuka kulitaka nimwache mwalimu na swali lake bila jibu, na kufikia hapo nilidhani wanafunzi wake wote duniani ni mimi.

Maji ya bamvua yalimleta Baba mapema. Sikumsikia akifunga mtumbwi. Nilisikia ngazi, kisha nikasikia fito ikichomolewa kwenye makuti. Alitazama jaruba la chini, akanitazama mimi, akasema, “Nusu korija.”

Alipiga miguu, kisha mgongo. Nilihesabu pamoja naye, kwa kuwa kuhesabu kulikuwa kumeanza kunisaidia. Kilipofika cha saba mwalimu aliuliza ishirini mara tatu ni ngapi. Nilikuwa nimeuma khanga. Nikaitema, nikasema, “Sitini.” Nikaongeza kwa sauti ya kulia, ili Baba naye aelewe, “Korija tatu.”

“Vizuri sana,” alisema mwalimu. “Hebu turudie tena.”

Mkono wa Baba ulisimama hewani. Aliigeukia redio, akanigeukia mimi, na kitu kikafunguka usoni pake ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Alicheka. Ndiyo mara ya kwanza niliyosikia kicheko chake ndani ya dungu lile.

“Umemsikia, mwana?” alisema. “Mwalimu wako kasema turudie.”

Akaanza tena kwenye moja.

Alipomaliza alishuka kwenda kutazama hasara. Sikulia. Kilio kilikuwa kimekauka mahali fulani katikati, baina ya cha saba cha kwanza na cha kwanza cha pili. Mwalimu alikuwa bado anazungumza, sauti ileile, haikupanda wala kushuka. Aliniona, nilijua aliniona. Alijua nimejibu sawa. Na bado alisema turudie.

Nilingoja Baba apande mtumbwi kwenda ng’ambo kwenye mikoko yake. Nikashuka na kombeo na madongo matatu, nikahesabu hatua thelathini, nikageuka. Dongo la kwanza lilimpiga tumbili, akayumba kwenye kamba. La pili lilipasua kitambaa alichoshona Mama. La tatu lilimpata mwalimu katikati, kwenye vile vitundu vya sauti, naye akakoroma lakini hakunyamaza. Alikuwa anawaaga wanafunzi mpaka Jumanne. Basi nikapanda, nikaikata kamba, nikaichukua kasia ya akiba na kummalizia kama Baba alivyommalizia yule dume. Sikuhesabu mapigo. Betri zilimwagika, moja ikapasuka, na ule ute mweusi ukanirukia mkononi na mdomoni. Harufu ndiyo hiyo niliyoikuta juzi katika sanduku la marehemu.

Baba alirudi alasiri. Alisimama juu ya vipande kwa muda. Kisha aliitwaa ileile kasia, na kwa mara ya kwanza hakutamka kiasi. Hilo ndilo lililonitisha, kupita kasia yenyewe. Fito za Baba zilikuwa na mwanzo na mwisho. Hii haikuwa na mwisho wowote niliouona. Niliinua mkono wa kushoto kufunika kichwa. Nilisikia kabla ya kuumia: mlio mkavu, mdogo, kama wa fito iliyokauka. Baba naye aliusikia. Ni mlio anaoujua kila mkata miti. Aliiacha kasia ikaanguka, akakaa chini, mikono juu ya magoti, hadi maji yalipotoka, ndipo akanirudisha kijijini kwa Mama.

Siku ya pili mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko na homa imenishika. Mama alisema jambo moja tu, na alilisema akiwa amempa Baba mgongo: mtoto akifia hapa, na mimi sipo. Baba akanipeleka mwenyewe, mashua hadi Nyamisati, lori la mkaa hadi Kibiti. Njia nzima alinishika bega ili nisirushwe na mashimo. Mkono uleule. Nimejaribu miaka mingi kuuchukia huku nikikumbuka lori, na kuusamehe huku nikikumbuka kasia, na sijafaulu lolote kati ya hayo mawili.

Baada ya kutoka kituo cha afya nimefungwa vibao, tulilala kwa Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa akiuza chai na vitumbua pale mabasi ya Lindi yanaposimama. Alikuwa mwanamke mfupi wa sauti kubwa, na ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akimtania Baba. Alinizunguka, akafunua khanga mgongoni mwangu, akaifunika.

“Kaka,” alisema, “umeniletea mtoto, au umeniletea mzigo wa kuni?”

Baba alisema kwamba mtoto kavunja redio.

“Na wewe ukavunja mtoto. Basi mmelingana. Redio nitakulipia, huyu harudi.”

Nilitazamia Baba akatae. Alikunywa chai yake, akavaa kofia, akaondoka na lori la asubuhi. Redio hakulipwa, wala hakudai.

Shule nilianza Januari, Jumatatu ya pili, nikiwa mwezi mmoja tu kabla ya kutimiza miaka kumi na mitatu, darasa la kwanza, katikati ya watoto wa miaka saba. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Wenzangu waliniita Dada, kwa heshima, na wakati wa michezo wakanifanya mlingoti wa goli. Mwalimu wetu alikuwa mwanamume mwenye bakora iliyofungwa mpira mwishoni. Siku aliyoona herufi zangu, zote zimegeuka, alidhani ninamfanyia dhihaka. Akanipiga mbele ya darasa, na mimi nikahesabu kimoyomoyo, nikashangaa aliishia kwenye vitatu.

Kisha Jumanne moja alileta redio. Aliiweka mezani, akasimama pembeni yake na bakora, akatuonya kwamba asiyejibu kwenye nafasi atakuja mbele. Tumbili wasingethubutu kuketi kusikiliza darasa lile. Ikafika saa nne na dakika ishirini. “Habari za asubuhi, wanafunzi.”

Alikuwa hai. Nilikuwa nimempiga kwa kasia hadi matumbo yake yakamwagika, na amenifuata Kibiti. Niliteremka chini ya dawati, nikafunika kichwa, na mkojo ukanitoka. Bakora ilinifuata huko chini. Wenzangu walicheka, kisha wakaacha, kwa kuwa nilikuwa ninajibu. Kila swali, kutoka chini ya dawati, huku ninapigwa, nilikuwa ninalijibu kabla nafasi haijaisha, na kila jibu lilikuwa sawa. Mwalimu naye akaacha.

Ndipo kwenye swali la mwisho, mwalimu akiwa ameduwaa, kitoto kimoja cha nyuma kikaona nafasi ya uchokozi na kujibu kwa sauti, “Mbuzi!”

“Vizuri sana,” ilisema redio.

Darasa zima lililipuka. Mwalimu mwenyewe aligeuza uso dirishani. Mimi peke yangu sikucheka. Msichana niliyeketi naye, mdogo hata meno ya mbele hana, aliinama chini ya dawati akaniambia taratibu, kama anayempa mtu habari za msiba, “Dada, hasikii huyo. Anasema tu. Amesema zamani, wamemweka kwenye kanda.”

Nililia siku hiyo kuliko siku ya kasia. Shangazi alidhani ni bakora, akanikanda kwa maji ya chumvi. Sikuweza kumweleza. Nilikuwa nimemuua mtu kwa kosa asilolijua, hilo lilikuwa la kwanza. Na la pili: hakuwa ameiona miguu yangu. Kumi na sita yangu haikusamehewa na mtu, sitini yangu haikusikiwa na mtu, na zile vizuri zote nilizokuwa nimeziweka akiba, hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Nilifikiri nitaacha shule. Badala yake, na jambo hili silielewi hadi leo, tisa na nane ziliendelea kuwa kumi na saba. Nililala nazo, nikaamka nazo, bila sifa na bila kiboko, na bado zilikuwa kumi na saba. Nilizigeuza herufi zangu moja moja, zikatazama zinakotakiwa kutazama.

Baba alikuja mwaka uliofuata, Jumamosi, siku ya nne baada ya Idi ndogo. Nilikuwa ninaosha vikombe vya Shangazi. Hakunisalimu kwa jina. Aliketi kwenye benchi, akatoa ndani ya kofia karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitandaza juu ya goti lake. Ilikuwa kibali cha kukata mikoko, chenye mhuri. Mfanyabiashara aliyeanza kununua miti ya kwetu ndiye aliyemfuatia kibali hicho, na ndiye aliyemsomea.

“Tajiri amenisomea,” alisema Baba. “Nataka nisomewe na wangu.”

Nilifuta mikono. Nilisoma jina lake, kijiji chake, aina ya miti. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo mkono wake unanifikia.

“Korija ngapi?” aliuliza.

Nilitazama. Ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.

“Kumi na mbili.”

Akanyamaza. Niliufahamu urefu wa nafasi ile. Niliwahi kuishi ndani yake. Kisha alisema, polepole, kwamba tajiri amemwambia ishirini, na kwamba ishirini ameshazikata, zimelala ufukweni, na watu wa misitu wanakuja Jumatano. Mkono wake wa kulia uliinuka kutoka gotini.

Ningeweza kusema ishirini. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilijua kabisa ni jibu gani lingemfurahisha, na nilijua uzito wa mkono ule kuliko nilivyojua kitu kingine chochote. Nilifunika kichwa kwa mkono wa kushoto, ule wa vidole vilivyokauka, na kutoka chini yake nikasema, “Kumi na mbili, Baba. Ndivyo ilivyoandikwa.”

Sikupigwa. Nilipofungua macho, mkono ulikuwa umefika kwenye karatasi. Alikuwa ameweka kidole juu yake, kidole kinene chenye wekundu wa magome ya mkandaa, akikisogeza taratibu kwenye mstari. Mstari haukuwa wenyewe. Alikuwa kwenye anwani. Nilimshika kidole, mara ya kwanza mimi kumshika yeye, nikakiteremsha hadi mahali pake.

“Rudia,” alisema Baba.

Nikarudia. Hakusema vizuri, wala sikumngoja aseme.